Mbuzi wa Kumzaa Baba

Fomu ya basari, ule msaada wa karo wa serikali, ilikuwa na kurasa nne, na mimi nilikwama kwenye ukurasa wa kwanza, mstari wa tano: uraia wa baba. Waliweka vidoti vichache tu hapo. Aliyeichapisha hakufikiria kwamba kuna mtu ambaye jibu la mstari huo lingemgharimu miezi mitatu na mbuzi mmoja.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa na barua ya kuitwa chuo cha ualimu. Tuliishi Ruiru katika vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya msikiti. Baba alikuwa Mganda. Alivuka mpaka pale Busia miaka ya sabini pamoja na walimu wengine waliokuwa wakikimbia risasi, na Kenya ikawapokea vizuri sana, kwa sababu shule za harambee zilikuwa zinaota kila kona na hazikuwa na mtu wa kufundisha hesabu. Alifundisha Ruiru karibu miaka ishirini. Nusu ya watu waliokalia viti vya serikali katika mji ule ni yeye aliyewafundisha kugawanya. Mimi nilizaliwa Thika, nikasoma Ruiru, na Uganda niliijua kwa ramani tu. Lakini fomu haikujali nimezaliwa wapi. Ilimtaka baba, na baba, ambaye hakuwahi kudanganya hata mwenye nyumba, aliniambia niandike Mganda.

Karani wa elimu kule Thika aliisoma fomu, akaikunja, akanirudishia. Alisema basari ni ya watoto wa wananchi, na kama mimi ni mkimbizi basi niende Nairobi, kuna mashirika ya kusaidia wakimbizi. Nikaenda Nairobi. Huko waliniuliza kambi yangu ni gani. Nikasema Ruiru. Mama aliyekuwa mezani alinitazama kwa huruma, akanieleza polepole kwamba Ruiru si kambi, na kwamba mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi hawezi kuitwa mkimbizi. Kwa Thika nilikuwa mgeni mno, kwa Nairobi nilikuwa mwenyeji mno. Barua ya chuo nayo haikuwa na mchezo: asiyefika na karo siku ya kufungua, nafasi yake anapewa mwingine.

Ndipo baba alipokwenda kwa chifu, nami nikiwa nyuma yake na bahasha ya fomu.

Chifu wetu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kutatua mambo kabla ya chakula cha mchana. Watoto wake wawili walipita mikononi mwa baba, na mmoja alifaulu, jambo ambalo chifu mwenyewe alilihesabu kama muujiza. Alitusikiliza hadi mwisho, akajikuna shingo.

"Mwalimu, hii maneno si ngumu," akasema. "Wewe unazaliwa tu. Huku kwetu mtu anaweza kuzaliwa na mbuzi."

Hakuwa anatania. Wakikuyu tangu zamani wana desturi yao ya kumwingiza mgeni katika ukoo. Mzee mmoja na mkewe wanakubali kuwa wazazi wake, mbuzi anachinjwa, mgeni anavishwa kipande cha ngozi ya mbuzi huyo mkononi, na kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba hiyo, hakuna wa kumuuliza ametoka wapi. Mababu zao waliitumia kuwapokea Wamasai waliokimbia njaa. Chifu aliona itafaa pia kwa fomu ya basari.

Mzee alipatikana Theta, kijiji cha jirani, mkulima wa kahawa, rafiki wa chifu, mtu asiyekataa nyama. Baba wakati huo alikuwa na miaka hamsini na moja. Baba yake mpya alikuwa na hamsini na sita na mama yake mpya arobaini na tisa, kwa hiyo baba alizaliwa akiwa amemzidi mama yake miaka miwili. Mambo haya hayakumsumbua mtu yeyote. Kilichowasumbua ni kisu.

Kwa desturi, mbuzi wa shughuli kama ile huzibwa pumzi. Baba akasema kwa adabu kwamba yeye ni Mwislamu na kwamba hawezi kuzaliwa kwa kibudu. Wazee wakashauriana chini ya upenu wa stoo ya kahawa asubuhi nzima, mbuzi akila majani yao bila wasiwasi. Mmoja alisema mtoto hawezi kumchinja mbuzi wa kuzaliwa kwake mwenyewe, ni mkosi. Mwingine akauliza kama mbuzi aliyeelekezwa Maka anaweza kuzaa Mkikuyu kweli. Hatimaye chifu, ambaye njaa ilikuwa imemfika, aliamua kwamba baba achinje kwa bismillahi na wazee waseme baraka zao papo hapo, na Mungu atajua kuzitenganisha.

Hivyo ndivyo baba yangu alivyozaliwa. Alipiga magoti miguuni pa mama yake mpya akiwa na koti, tai na miwani, akafungwa ngozi mbichi mkononi juu ya saa yake. Wazee wakaitikia. Mama yangu alicheka hadi akalazimika kwenda kusimama nyuma ya stoo. Mimi pia nilicheka, na nilikuwa nataka kulia, kwa sababu sikuwahi kumwona mtu huyu akipiga magoti popote isipokuwa kwenye mswala, na sasa amekunjwa pale kama mtoto kwa ajili ya karo yangu.

Chifu alitimiza ahadi. Aliandika barua kwamba mwombaji ni mjukuu wa fulani, wa ukoo fulani, mwenyeji wa Theta, na akaigonga muhuri mara mbili ili ikolee. Nikaipeleka Thika nikiwa nimejaa matumaini.

Kamati ya basari ilikaa katika ukumbi wenye feni isiyozunguka: wanaume sita na mwanamke mmoja, kila mmoja na chupa yake ya soda. Mwenyekiti alisoma barua ya chifu, akafurahi kweli. Aliwaambia wenzake kwamba huu ukoo anaujua, ni watu wazito, kahawa yao inateremka mpaka mtoni. Kisha akanitazama juu ya miwani.

"Sasa msichana, mtu ako na kahawa yote hiyo, anatafuta basari ya nini? Si awachie wale hawana?"

Wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko, wakisikitikia tamaa yangu. Ningesema nini? Kwamba baba yangu amezaliwa wiki tatu zilizopita na bado hajagawiwa shamba? Neno moja tu na ningekuwa Mganda tena. Nilisema asante, nikatoka. Jumapili iliyofuata wana watatu wa yule mzee walikuja nyumbani kwetu kumsalimia ndugu yao mkubwa. Walikunywa chai, wakamuuliza kwa upole kama ana mpango wa kujenga Theta. Baba akasema hana. Wakamuuliza tena, kuhakikisha, kisha wakaenda zao wakiwa na furaha.

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nilirudi Thika kuomba nisikilizwe upya, na karani mmoja mzee wa pale, mwanamke aliyekuwa ameniona nikipanda na kushuka zile ngazi tangu mwanzo, alinivuta pembeni kwenye korido. Aliniambia kuna fungu la yatima. Fungu hilo halina foleni. Yatima haulizwi uraia wa baba, kwa sababu maiti hana kipande cha utambulisho, na haulizwi kahawa, kwa sababu kila mtu anajua baba akifa ndugu zake wanachukua shamba. Alinipa fomu mpya, akarudi kazini kwake.

Nilikaa na fomu ile siku mbili bila kumwambia mtu. Siku ya tatu nikamwambia mama tukiwa tunachambua mchele. Nilidhani baba yuko msikitini. Kumbe alikuwa upande wa pili wa pazia, anasahihisha madaftari. Alitoka, akakaa kwenye kiti chake, akafungua kifuniko cha kalamu na kunipa.

"Andika," akasema. "Mwaka huu nimeshazaliwa. Kufa hakutanishinda."

Ningependa kueleza kwamba nilikataa mara tatu. Nilikataa mara moja, na si kwa sauti kubwa. Kisha nikaandika marehemu kwenye vidoti vya mstari wa baba, na neno likaenea bila shida yoyote. Mama aliuliza kama anapaswa kuanza kukaa eda, na kama ndivyo, nani atakwenda sokoni.

Fomu ya yatima nayo ilihitaji muhuri wa chifu, na baba akasema atanisindikiza, maana haipendezi msichana kwenda peke yake katika ofisi za watu. Chifu alisoma. Akamtazama baba, akaitazama fomu, akaona saa inakaribia saa saba. Alisimama, akampa baba mkono kwa heshima, akamwambia pole sana Mwalimu, kisha akagonga muhuri.

Basari ilitoka ndani ya wiki moja. Nimewahi kusikia watu wakisema serikali yetu ya miaka ile ilikuwa haifanyi kazi. Mimi nasema ilifanya kazi vizuri sana, ilimradi uwe umefiwa.

Siku ya kufungua chuo baba alinibebea godoro kichwani toka barabarani hadi ofisi ya kuandikisha. Alikuwa amevaa koti lile lile. Mama mlezi wa wasichana alifungua faili langu, akasoma, uso ukalainika. Akanipa pole. Halafu akamtazama mzee mwenye godoro, akauliza huyu ni nani.

Baba alinitazama, akaniachia mimi nijibu.

"Ni anko yangu," nikasema.

Mama mlezi alimsifu kwelikweli. Alisema siku hizi wanaume wanawakimbia watoto wa ndugu zao waliokufa, na kwamba Mungu atamlipa. Baba alimshukuru, akateremsha godoro, akalifuta vumbi, akaondoka.

Kwa muhula mzima alikuja kila siku ya wageni na mkate na sukari, na kila mara nilimwita hivyo mbele ya wenzangu, bila kukwama, hadi nikaacha kuusikia uongo wenyewe. Likizo ya kwanza nilifika Ruiru jioni. Alikuwa ameketi mlangoni, akimenya chungwa. Nikatua mzigo, na kabla sijafikiri nikasema shikamoo anko.

Akaitika marahaba.