Pikapu Niliyoiacha Ijumbi

Naikumbuka siku moja ya mvua, mwanangu, ingawa mvua yenyewe haikuninyeshea mimi. Ilinyesha kwetu Ijumbi, wilayani Muleba, nami nilikuwa Botswana kwenye jua kali, nikifanya kazi ya uuguzi kwa mkataba. Nilikuwa bado kijana, na nilikuwa na kitu kimoja cha kujivunia: pikapu ndogo nyeupe niliyoinunua kabla ya kuondoka. Niliiacha uani kwa mama, karibu na migomba, imefunikwa turubai.

Ngoja nikueleze mambo yalivyokuwa, maana yamebadilika na huenda hujui. Wakati ule kioo cha mbele kilibandikwa stika ya bima, ya ukaguzi na ya leseni ya barabara, ile ada ya kila mwaka. Zangu zote ziliisha muda wake nikiwa ugenini. Nilijua. Nikajiambia kwamba gari lililolala halihitaji karatasi, nitazishughulikia nikienda likizo. Likizo ikaja, nikaimaliza kwenye harusi ya rafiki yangu kule Nshambya, nikarudi kazini. Ufunguo nikamwachia mama na agizo moja: "Isitoke mpaka nije." Mdogo wangu Mutalemwa nilimruhusu tu kuiwasha kila Jumamosi palepale uani, ili betri isife.

Sasa kuna jambo letu la nyumbani, nawe ukiwa umekulia Buhaya unalijua. Kijijini gari lina mwenyewe, ndiyo, lakini mgonjwa akizidiwa au maiti ikitakiwa kufuatwa hospitali, hakuna anayeuliza ni la nani. Wanauliza ufunguo uko wapi. Nyumba iliyomnyima jirani gari siku ya shida, siku yake ya msiba itachota maji yenyewe na kupasua kuni yenyewe. Mama yangu alikuwa mjane. Nilimpa agizo ambalo hakuwa na uwezo wa kulitimiza.

Siku hiyo mchana simu yangu ikabipu mara moja na kukatika. Ilikuwa namba ya Mutalemwa. Nikatoka wodini nikapiga, akapokea mama.

"Waitu, hujambo mwanangu? Kazi nzuri?" Hata nyumba ingekuwa inaungua, mama asingeacha kusalimu kwa ile "waitu" yetu ya heshima.

"Sijambo, Mama. Kuna nini?"

"Kemilembe, mke wa jirani, ana uchungu tangu jana. Zahanati wamesema wao wamefika mwisho, apelekwe hospitali Muleba. Gari la wagonjwa limekwenda upande wa pili wa wilaya. Kwenye pikipiki hawezi kukaa. Watu wamejaa hapa uani, turubai wameshalifunua. Ufunguo ninao kwenye pindo la kitenge. Nimpe Mutalemwa, au nisimpe?"

Mimi ni muuguzi, mwanangu. Maneno "uchungu tangu jana" najua yanaelekea wapi. Nikasema, "Mpe, Mama. Ampeleke sasa hivi." Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimesema vema. Lakini nikaongeza: "Mwambie apite njia ya ndani, ya mashambani. Trafiki wasimwone."

Mutalemwa akachukua simu, akacheka kicheko cha mtu mwenye hofu. "Dada, stika zako zimepauka mpaka hazisomeki. Labda watadhani ni mpya."

"Acha mzaha, nenda!"

Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena. Nilipiga, nikapiga. Nikarudi wodini nikampima mama mmoja presha, nikasahau namba, nikampima tena. Akaniuliza, "Sista, ni wewe unayeumwa au mimi?" Nilitabasamu, lakini akili yangu ilikuwa nyumbani. Nilikuwa naiona barabara yetu ile nyekundu ikigeuka uji wa matope. Nilimwona Kemilembe kwenye kiti cha pikapu yangu, akiishiwa nguvu. Nilimwona mdogo wangu amemgonga mtoto wa watu kwa gari lisilo na bima, kisha nikamwona rumande. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mimi hata fimbo sikuwa nayo, nilikuwa na simu tu. Nikaingia stoo ya mashuka, nikafunga mlango, nikaomba: "Bwana, leo ondoa trafiki wote barabarani."

Jioni simu ililia bila kukatika. Alikuwa Tatento Kaijage, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye tangu baba afariki ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Tatento hakuwa mtu wa kupiga simu nchi za nje.

"Kemilembe amejifungua kwa upasuaji," akaanza, kwa huruma yake. "Mtoto wa kike. Wote wazima."

Nikaanza kulia.

"Usilie bado. Sijamaliza."

Akanieleza polepole. Mutalemwa alinitii, akaingia njia ya ndani, akakuta imejaa maji. Ikambidi arudi barabara kubwa, na trafiki alikuwepo. Akanyoosha mkono. Kijana akakanyaga breki, pikapu ikampita askari kama haijamwona. Bahati palikuwa na kimlima kidogo, ikapanda, ikachoka, ikasimama yenyewe kwenye nyasi. Askari akaja mbio amefura.

"Unanikimbia?"

"Afande, si mimi! Ni gari!"

Askari akaangalia kioo. "Stika hii ilibandikwa lini? Aliyeibandika si ameshastaafu?" Ndipo akamsikia Kemilembe akigumia. Akafungua mlango, akaingiza mguu, akakanyaga pedali ya breki mwenyewe. Ikaenda mpaka chini. Akainua macho: mbele yao ulikuwa mteremko mrefu, na watoto walikuwa wanatoka shule. Mambo ya stika hakuyagusa tena. Alisimamisha Kosta iliyokuwa inatoka Bukoba, abiria wakaachia kiti cha nyuma, akina mama wawili wakampakata Kemilembe mpaka hospitali.

"Kwa hiyo," akasema Tatento, "kama ungefanikiwa kumficha, leo tungekuwa tunachimba makaburi."

Nilikuwa nimemwomba Mungu aniondolee trafiki barabarani, nikaona jinsi alivyokuwa mwema kwa kutonisikiliza.

"Kutoa ufunguo hukukosea," akaendelea. "Ungekataa, nisingekupigia simu. Lakini umemwachia mama yako moto, ukamkataza kuota. Na hatari ilipokuja, ukamwogopa askari kuliko mteremko."

"Nifanyeje sasa, Tatento?"

"Gari ni lako. Amua moja: liwe hai au liwe limekufa. Lile lisilo hai wala mfu ndilo linaloua watu."

Niliamua liwe hai, nami nikajifunza kwamba mtu wa mbali anaweza kulitunza gari lake, akikubali kusema ukweli. Mficha uchi hazai. Nilimwandikia Mutalemwa barua ya kumruhusu kushughulikia gari kwa niaba yangu. Hakuliendesha kwanza ndipo atafute karatasi, hapana. Fundi alilifuata kituo cha polisi lilikovutwa na kuzuiliwa, akatengeneza breki palepale. Ikakatwa bima. Kisha likapelekwa kukaguliwa, na mkaguzi akakuta tairi mbili mbovu ambazo hata sisi hatukuzijua. Mwisho Mutalemwa akaenda Bukoba, ofisi ya kodi, na hapo tukajua kwamba ada ya barabara ilikuwa imeendelea kuhesabiwa kila mwaka gari likiwa limelala. Tulilipa pamoja na faini. Iliniuma, lakini nililala usingizi.

Siku hizi, mwanangu, ada ile ya kila mwaka imeondolewa, iko ndani ya bei ya mafuta. Usidhani basi umepona. Bima inaisha vilevile, na breki inakufa vilevile. Kwa hiyo wewe unayefungasha kwenda Omani, Afrika Kusini au popote kazi itakapokuita, nisikilize. Kabla hujaondoka, jiulize kwa kweli kama gari lako litalala. Ukiona wa nyumbani hawataweza kumnyima mgonjwa, na kwetu hawawezi, basi usijidanganye na turubai. Chagua mtu mmoja, mpe kibali cha maandishi, na tarehe ya kuisha kwa bima na ya ukaguzi ziweke kwenye simu yako na yake, zikukumbushe mapema. Fundi alione mara kwa mara hata kama halitoki uani. Na kama huwezi kulitunza, liuze, au toa betri na matairi ulale salama. Hakuna aibu katika hilo.

Na kama unanisoma sasa hivi uko mbali, na karatasi za gari lako zimeshaisha muda, usijifiche kama nilivyojificha mimi. Piga simu nyumbani leo, sema lisiguse barabara mpaka lipone, tafuta fundi, tafuta bima, lipa unachodaiwa. Mlima huu unaonekana mrefu ukiwa hujaanza kuupanda. Wengi tumeupanda, nawe utaweza.

Mungu akufikishe salama uendako, mwanangu. Akupe kazi yenye heshima na watu wa kukusalimu nyumbani. Na kila atakayepanda gari lako, uwepo usiwepo, amjalie kushuka kwa miguu yake mwenyewe.