Walioishi Juu ya Kitovu

Generosa alichapa taarifa za matetemeko katika ofisi yetu ya jiolojia kwa miaka kumi na minne, na hadi leo sijaona mtu aliyeiheshimu ardhi kama yeye. Sindano ya kipimo ikianza kucheza, aliacha kuchapa, akasimama wima. Sisi wa masijala tulimcheka: "Dada, unaipigia saluti?" Yeye aliketi tu sindano ilipotulia.

Mwaka 1993, ofisi za serikali zilipoanza kupunguza watu, mimi na yeye tulihamishiwa kwa Henry, mchumi kijana kutoka Dar es Salaam, mwenye tai na Kiingereza kingi. Asubuhi moja alileta taarifa ya kiwanda cha magunia ambacho serikali ilikuwa mbioni kukiuza. Anjelina, mdogo wake Generosa, alishona magunia pale, na nyumba yao ya mtaa wa Makole ilitegemea kazi hiyo.

Ukurasa wa pili, Henry alikuwa ameandika kwa Kiingereza kwamba kiwanda kile ndicho "episenta" ya mageuzi. Generosa alisoma mara tatu.

"Neno letu hili," aliniambia kwa sauti ndogo. "Tulilitumia kwa kitovu cha tetemeko tu. Limetokaje kwenye miamba likafika huku?"

Vinyweleo vya mkono vilimsimama, nami mshangao ukanishika. Neno la wanajiolojia, watu wachache wenye nyundo za kugongea mawe, leo limefika kwa wachumi!

Henry alieleza kwamba wasemaji wa Kiingereza siku hizi huita hivyo mahali popote jambo linapopamba moto. Generosa akaitikia, akalichapa. Kisha akaruka nusu ukurasa.

"Mama, hapa umeacha nafasi," Henry alisema.

"Ni ya watu, bosi. Sisi tukishapata kitovu, tunauliza nani anaishi juu yake, tunaandika kaya kwa kaya. Wewe kitovu umekiandika, watu hukuwaandika."

Nilijua atamfukuza. Mimi ningemfukuza, hasira zangu zinajulikana. Henry alivuta kiti, akatoa mkobani orodha ya wafanyakazi, akaanza kumsomea. Chakula cha mchana kilitupita. Alipofika kwa Anjelina, Generosa alichapa bila kusita.

"Mia mbili na sita," Henry alisema mwishoni, jasho likimtoka. "Orodha ninayo tangu mwezi uliopita. Sikuwahi kuisoma."

Kiwanda kiliuzwa, Anjelina akakosa kazi, na Generosa alilia mbele yetu bila kujificha. Ila kati ya wakubwa waliotia saini taarifa ile, hakuna anayeweza kusema hakujua wafanyakazi wale walikuwa akina nani.