Mita saba za Afande

Jamani, hii hasira yangu itaniua! Jumamosi tulikuwa Kawempe kwenye kwanjula, binti wa watu anatambulisha mchumba wake. Tulikuwa tumewazungushia wachezaji ngoma kamba, duara la uwanja mzima. Mwenye sherehe akataka kamba isogee nje mita moja, kuzunguka kote.

Bosi wangu, mwanajeshi mstaafu anayekodisha mahema, akasema, "Ongeza mita saba tu."

Wakwe, Wakenya, wakacheka. "Saba? Uwanja wote huu? Afande, leta roli nzima ya kamba!"

Damu ikanichemka. Nani anamcheka Afande wangu? Shida ni kwamba hata mimi niliona amekosea. Nikaapa hataaibika mbele yangu. Nikaenda nyuma ya hema, nikafungua kamba zake zote, nikaziunga.

Narudi natweta, nakuta duara limeshafungwa, na kipande kimebaki!

"Saba imezidi kidogo," Afande akawaambia wakwe. "Duara liwe la sahani au la uwanja, ukisogea mita moja nyongeza ni ile ile." Akanigeukia. "Wewe kijana, hizo kamba umezitoa wapi?"

Upepo ukapiga. Hema likawalalia mashangazi wa bibi harusi, na kamba zake zote ziko begani kwangu.