Filamu Niliyoipiga Butiama

Ugali wa mtu mmoja haupikiki. Ukipunguza unga unaungua, ukiongeza unabaki, kesho yake unaukuta mgumu kwenye sufuria. Tangu mke wangu afariki kipimo hicho kimenishinda kabisa, mimi niliyekuwa napima dawa za filamu bila kumwaga tone.

Kabla ya kustaafu kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha wakulima wa pamba slaidi za wadudu. Nilizunguka vijiji vya Bunda mpaka Mugeta na projekta na jenereta, natundika shuka ukutani, funza wa pamba anaonekana mkubwa kuliko ng'ombe, watu wanacheka mpaka wanasahau kwamba ndiye anayewatia umaskini. Hapo ndipo nilipoipenda slaidi, nikaanza kupiga zangu. Picha ya karatasi ni nakala tu. Slaidi ni filamu yenyewe iliyokuwa ndani ya kamera siku ile, mbele ya mtu yule. Miaka ikapita, Musoma nzima hapakuwa na wa kuzisafisha, nikasema liwalo na liwe, nitasafisha mwenyewe nyumbani Nyakato.

Dawa naletewa na basi kutoka Nairobi. Filamu inaoga dawa ya kwanza, halafu ya rangi, halafu ya kukazia, na zote ziwe na joto la nyuzi thelathini na nane. Mashine nitoe wapi? Nina beseni, chupa ya chai na kipimajoto cha homa. Mke wangu alikuwaga anakichungulia ndani ya beseni, anatikisa kichwa: "Mtoto wako leo ana malaria." Jirani naye akiona nimejifungia na machupa anapita dirishani, "Mzee, imeiva? Tuonjeshe basi!" Anadhani napika gongo. Shauri yake.

Ndani ya kamera ilikuwa imebaki filamu moja ambayo sikuwa na moyo wa kuigusa. Niliipiga Butiama, kwao mke wangu, aliponiomba nimpeleke akaione nyumba ya mama yake. Alikuwa anajua ugonjwa wake. Na mimi nilijua. Asiyejua alikuwa binti yetu, mtoto wetu wa pekee, aliyeolewa Bunda. Alikuwa na mimba changa, ya kwanza aliyoipata baada ya kuhangaika sana, na mama yake akaniapisha: "Usimwambie mpaka ajifungue." Nikanyamaza. Ugonjwa haukusubiri kujifungua kwa mtu. Msibani binti yangu alinikazia macho mbele ya watu wote akasema, "Baba, ulinificha." Akarudi kwake. Tangu siku ile hakunikanyagia mlango, na simu zangu akawa hapokei. Mjukuu nilimjua kwa picha alizonitumia mkwe wangu kimyakimya.

Bunda si mbali. Mtu anatoka huku asubuhi, anafanya shughuli zake, anarudi kula mchana. Lakini nilikuwa naogopa kwenda kufukuzwa. Upweke unauma, jamani, tusidanganyane. Nimewahi kumsimamisha muuza dagaa nusu saa nzima nikimuuliza habari za ziwa, na dagaa nilikuwa nao ndani.

Basi nikapata wazo. Kwenye filamu ile mke wangu yuko kamili, amevaa kitenge chake cha njano, amekaa juu ya jiwe nje ya nyumba ya mama yake, anacheka, ananigombeza nifanye haraka kabla jua halijamchoma. Nitaisafisha, nitampelekea binti yangu, nimwekee mkononi bila maneno. Maneno yangu hayataki, lakini uso wa mama yake hawezi kuukataa. Ataona kwamba mama yake hakuondoka na kinyongo, naye labda atakiacha chake.

Jumamosi asubuhi nikaingia stoo ya mahindi. Dirisha nikaliziba kwa blanketi, chini ya mlango nikasokomeza khanga. Hapo hakuna mzaha. Gizani unaitoa filamu kwenye kopo lake na kuivingirisha kwenye gurudumu la plastiki kwa kupapasa, kisha unaitia ndani ya tenki dogo lisilopitisha mwanga na kufunika. Ikishafunikwa, hata uwashe taa kumi. Kabla ya hapo mwanga ukiigusa imekwisha: itatoka nyeupe, plastiki tupu. Vidole vilinitoka jasho, filamu ikanasa katikati. Nikaivuta yote nje nianze upya.

"Hodi."

Sauti ile naijua.

"Hodi, baba. Upo?" Ndala zikaingia sebuleni, zikaja mpaka mlango wa stoo.

"Nipo, mama! Subiri kidogo, usifungue."

"Nisifungue kwa nini?"

"Kuna kitu hapa. Nakuja sasa hivi."

Nikapapasa nitafute tenki, nikaligonga, likabiringika huko nyuma ya magunia. Kisha akasema, tena bila hasira, kama mtu aliyechoka tu, "Kumbe bado unanificha, baba. Haya." Nikasikia ndala zinageuka.

Ningeweza kupiga kelele kwamba nimeshika picha za mama yake. Lakini ningekuwa namwambia tena, kupitia mlango uliofungwa, habari ya mama yake asiyoruhusiwa kuiona. Na alikuwa anaondoka.

Nikafungua mlango.

Mwanga wote wa asubuhi ukaingia. Filamu ilikuwa inaning'inia mkononi mwangu mpaka chini. Binti yangu aligeuka, mtoto mgongoni, amenuna vilevile alivyokuwa akinuna mama yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Karibu. Karibuni sana."

Akachungulia ndani ya stoo, akaona magunia, blanketi, basi. Hakukuwa na kingine cha kuona. Mabega yakamshuka.

"Sasa gizani ulikuwa unafanya nini? Na hiyo ni nini?"

"Filamu ya zamani," nikasema. "Haina kitu."

Na kwa wakati ule ilikuwa kweli. Mjukuu wangu akanyoosha mkono kutoka mgongoni akiililia, nikampa aichezee.