Kopo Lililosimama Mezani kwa Mwalimu

Juzi nilikuwa katika ofisi ya shule moja hapa Matayos, mama mmoja akaingia na bintiye wa gredi ya pili. Mtoto alikuwa amewekewa alama ya kosa kwa kuandika kwamba kopo hubingirika na pia husimama. Mama akabingirisha kopo la maziwa mezani kwa mwalimu wa mtoto, kisha akalisimamisha.

"Mwalimu, amekosea wapi?"

"Mama, kitabu kimeweka kopo kwa vitu vya kubingirika."

Mwalimu akamgeukia msichana. "Kopo hufanya nini?"

Mtoto alilitazama kopo lililosimama mbele yake, akainamisha kichwa. "Hubingirika tu."

"Sasa ameelewa," mwalimu akasema, akamtilia tiki.

Hasira haijaniisha. Mtoto yule alikuja shuleni na macho yake, nasi tukampa maksi kwa kuyafumba.