Swali la Tisa kwenye Fomu ya Safari

Kwa siku nne nilikosa usingizi kwa sababu ya visanduku viwili, kila kimoja kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kimoja kiliandikwa Ndiyo, kingine Hapana. Kando yake lilikuwepo swali la tisa la fomu ya watumishi wa serikali wanaosafiri nje kikazi: je, una pasipoti ya nchi nyingine?

Nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya joho la mahafali, nyumbani kwa mama mdogo huko Kator, mtaa mmoja wa Juba. Kwa hiyo jibu lenyewe halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kanuni inayolifuata, ambayo niliijua kwa sababu mimi ndiye niliyeipiga chapa upya, nakala kumi na mbili, wiki yangu ya kwanza kazini: mtumishi mwenye pasipoti ya nchi nyingine hatatumwa kikazi katika nchi hiyo.

Pasipoti yangu ilikuwa ya Kenya. Na nilikuwa nimechaguliwa kwenda Nairobi.

Hiyo ilikuwa miaka ile ya baada ya mkataba wa amani na kabla ya kura ya uhuru wa Sudan Kusini, wakati ofisi nyingi za Juba zilikuwa makontena, na mtu aliweza kuajiriwa asubuhi na kuanza kutafuta kiti mchana. Nilitoka Nakuru na shahada ya utawala, nikiwa na hofu ya karibu kila kitu: Kiarabu cha Juba ambacho sikukijua vizuri, jenereta ambayo ilizimika kila nilipokaribia kuhifadhi kazi, na watu wazima walioniita "wewe wa Kenya" huku wakicheka. Nilikuwa na pasipoti yetu halali pia, ile ya Sudan, niliyoingoja kwa miezi mingi. Lakini ile ya Kenya ilikuwa na historia yake. Tulipokuwa wakimbizi, jirani yetu wa Nakuru, mama mmoja mwenye watoto sita, aliniandikisha kama wa saba ili nisisumbuliwe shuleni. Cheti cha kuzaliwa kikaleta kitambulisho, kitambulisho kikaleta pasipoti. Jina la mwisho ndani yake lilikuwa la mume wake, si la baba yangu.

Ndiyo kusema, nikiweka alama kwenye Hapana, hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Na nilitaka sana kwenda. Mafunzo yalikuwa ya wiki moja, kuhusu utunzaji wa mafaili, yakimalizika Ijumaa. Jumamosi hiyo hiyo mama yangu, ambaye alibaki Nakuru, alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho. Sikuwa nimemwona kwa mwaka mmoja na nusu. Kanuni ziliruhusu siku mbili za mapumziko baada ya kazi ukiomba mapema kwa maandishi, nami nilikuwa nimeshaomba. Nilikuwa hata nimepanga nitavaa gauni gani hospitalini, lile la njano, kwa sababu nilisoma mahali kwamba njano huonekana upesi.

Basi nikawaza. Niliwaza kwamba nikimwachia mama mdogo ile pasipoti, haitakuwa kwangu tena, na hivyo nitakuwa sina. Niliwaza kwamba pasipoti iliyopatikana kwa njia ile si pasipoti ya kweli. Niliwaza kwamba nikisema ukweli nitamtia matatani jirani aliyenitendea wema. Halafu nikawaza kwamba labda namtumia jirani kama kisingizio. Niliwaza, mwisho wa yote, kwamba amani ikivunjika, kile kijitabu chenye ngao na mikuki ndicho mlango pekee nilio nao, na mtu mwenye akili haonyeshi watu mlango wake. Mama mdogo aliponiona nikikoroga chai ambayo sijaitia sukari, aliniambia niende nikapime malaria.

Mtu aliyepokea fomu hizo ni mzee tuliyemwita Ustaz, kwa sababu alifundisha shule ya msingi kabla ya kuwekwa kwenye dawati la safari. Ofisi yetu ilikuwa nyuma kidogo ya mtaa wa Buluk, naye alifika kwa miguu kutoka upande wa mto kabla ya askari wa lango. Kiswahili chake alikipata Uganda, alikokimbilia akiwa kijana katika vita vya kwanza vya Sudan, nacho ndicho tulichozungumza, kwa kuwa Kiarabu changu kilimchekesha na Kiingereza alikiweka kwa ajili ya barua tu. Alisoma kila fomu kwa rula. Aliilaza chini ya mstari wa kwanza, akasoma, akaisogeza mstari wa pili, akasoma. Hakuwahi kuruka mstari, hata ule wa jina lako, ingawa mmeonana kila siku.

Mwanzoni nilidhani ni ukaidi wa wazee. Nilibadili mawazo siku mkurugenzi wetu alipoingia saa nane mchana, gari likinguruma nje, ndege ikimngoja.

"Ustaz, gonga muhuri haraka, mzee wangu. Nimechelewa."

Ustaz aliweka rula. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mstari wa nne akasimama.

"Mudir," alisema, kwani ndivyo alivyomwita mkurugenzi, "ripoti ya safari ya kwanza iko wapi?"

"Nitaleta nikirudi. Zote mbili pamoja."

"Hapa naandikwa, safari ya mbele hapana, mpaka ripoti ya nyuma nafika."

"Wewe mzee!" Mkurugenzi alicheka, lakini jasho lilimtoka. "Wakati wa vita mlikuwa mkiomba risasi ripoti?"

"Risasi ilikuwa hapana omba ruhusa ya kusafiri, mudir. Ingeomba, mimi ingeiuliza."

Kontena zima likacheka, na mkurugenzi naye akacheka, kisha akavuta kiti cha plastiki, akaomba karatasi. Aliandika kurasa mbili kwa mkono, magoti yake yakigusa meza, huku dereva akichungulia mara kwa mara. Ustaz alizisoma kwa rula. Akagonga muhuri. Ndege aliiwahi, sijui vipi.

Aliporudi alimletea Ustaz kalamu nzuri ya wino. Ustaz aliifungua, akaisifu, akachukua daftari la zawadi, akaandika tarehe, aina ya zawadi na aliyeitoa, kisha akaifunga kalamu ile kwa uzi kwenye mguu wa meza ili kila mtu aitumie. Ndiyo tuliyojazia fomu tangu siku hiyo. Tulimtania kwamba hata mbuzi hafungwi hivyo, naye akasema mbuzi ana mwenyewe, kalamu ni ya serikali.

Siku ya tatu ya mawazo yangu nilimwendea wakati wa chai.

"Ustaz, kuna rafiki yangu mmoja," nilianza.

"Rafiki yako iko na fomu?"

"Anayo. Anauliza tu ile kanuni ya pasipoti ni ya nini. Kama mtu ni mwaminifu, pasipoti ya pili inadhuru nini?"

Alimimina chai kwenye kikombe changu kwanza, ndipo akajibu. Aliniambia kwamba zamani kidogo, kabla kanuni haijaandikwa, watu wetu wawili walitumwa nchi ya jirani kupokea vitabu vya shule. Karatasi ya kupokea ilihitaji sahihi mbili za upande wetu. Mmoja wao alikulia huko, na kwa mazoea akaingia kwa pasipoti ya huko, maana foleni ilikuwa fupi. Kwenye meza ya sahihi wenyeji wakaangalia orodha yao, wakasema: huyu ni raia wetu, hawezi kupokea kwa niaba yenu.

"Mtu ilikuwa mzuri," alisema Ustaz. "Hapana mwizi. Ilikuwa tu nataka foleni fupi. Vitabu ikakaa stoo muhula mzima. Mimi nafundisha watoto sitini na kitabu moja."

Nikauliza swali lililoniuma zaidi.

"Na huyo rafiki yangu akisema ndiyo, itaandikwa nani alimsaidia kuipata?"

"Fomu nauliza ndiyo ama hapana, na nchi gani. Iko kisanduku ya jina ya aliyesaidia?"

"Hakuna."

"Basi mimi naandika wapi? Kwa hewa?" Akanitazama juu ya miwani. "Pasipoti yenyewe nafungwa kwa bahasha, mwenyewe natia sahihi juu ya gundi, nakaa kwa droo. Mwenyewe nataka, nachukua. Ambia rafiki yako anywe chai. Na alale. Macho yake iko nyekundu."

Ningeweza kuamua hapo, lakini mimi si mtu wa kuamua hapo. Nilijiambia kwamba kwake ni rahisi kusema. Yeye haendi popote, hana mama Nakuru. Nilirudi kwenye kazi niliyopewa wiki ile, kupanga fomu za zamani kwa miaka, na katika rundo la chini kabisa nikakuta mwandiko niliouona kila siku.

Ilikuwa fomu yake. Alikuwa amechaguliwa kwenda Kampala, kwenye mkutano wa walimu wa zamani walioingia serikalini. Swali la nane linauliza kama una jamaa huko uendako. Alikuwa ameandika: dada yangu mkubwa, aliyenilea. Swali la tisa, alama kwenye Ndiyo, nchi: Uganda. Na chini kabisa, mahali pa ofisi, neno moja, Asitumwe, muhuri, na sahihi ya mwenye dawati la safari.

Sahihi ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye meza ile, akaisoma fomu yake kwa rula kama anavyosoma ya mtu yeyote, na alipofika mstari wa tisa akajikata.

Nilikaa na karatasi ile magotini mpaka feni ikazimika na mtu akaenda kupiga kelele kuhusu jenereta. Sikumwuliza Ustaz chochote. Niliirudisha mahali pake, kwenye mwaka wake. Nilichohisi kilifanana na siku ile chuoni nilipomwona msichana wa chumba chetu akirudisha dukani chenji iliyozidi, wakati wote tulikuwa na njaa. Aibu kidogo, na furaha kwamba watu wa namna hii wapo na nimekaa nao karibu.

Saa saba mchana nilisimama nje, penye kivuli cha tangi la maji, ambapo mtandao ulikuwa unashika, nikampigia mama.

"Mama, huenda nisije Jumamosi."

"Kwani ni wewe ulikuwa unanifanyia operesheni?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Una cheti ya udaktari siku hizi?"

"Mama, sikiza kwanza." Nikamweleza yote, haraka haraka, swali la tisa, pasipoti, jirani. Nilitegemea atalia, au atasema niweke Hapana, na sijui lipi lingeniumiza zaidi.

Nikasikia redio yake na kuku.

"Hiyo kitabu ilikusomesha," alisema. "Imemaliza kazi. Mama jirani atakuja na mimi hospitali, tumeshapanga, hata amenunua leso. Wewe ungekaa tu kwa benchi ukiwaza na kutisha wagonjwa. Waza huko huko, mamangu."

"Nilikuwa nimepanga gauni la njano."

"Basi livae Jumamosi huko Juba, halafu unitumie picha. Jicho likifunguka litakuona."

Asubuhi iliyofuata nilitoka Kator mapema, pasipoti ya Kenya ikiwa ndani ya begi langu, imefungwa kwa skafu kama yai. Kengele za kanisa kuu zilikuwa zikilia. Njiani nilibadili mawazo mara mbili, moja penye duka la Msomali ninaponunua muda wa simu, nyingine langoni. Lakini miguu ilikuwa imeshazoea njia, na nilimkuta Ustaz amekaa, rula mbele yake.

Nikachukua kalamu ya wino, nikivuta uzi wake hadi ukakaza. Fomu nilikuwa nimeijaza yote isipokuwa mstari mmoja. Nikaweka alama kwenye Ndiyo, na kwenye nafasi ya nchi nikaandika Kenya, herufi kubwa, ili nisipate nafasi ya kuibadilisha. Nikaweka pasipoti juu yake, nikamsukumia.

"Rafiki yangu ameleta fomu," nilisema. Sauti ilinitoka nyembamba.

"Karibu, binti."

Aliisogeza pasipoti pembeni bila kuifungua. Akalaza rula chini ya jina langu, akasoma. Mstari wa pili. Wa tatu. Nilikuwa nimesimama, na hakuniambia nikae, kwa kuwa mwenye fomu husimama, hata mkurugenzi alisimama mpaka ilipombidi kuandika ripoti. Alipofika mstari wa tisa rula ikatulia, muda mrefu kuliko ilivyotulia kwenye mistari mingine. Alifungua droo, akatoa bahasha ya kaki na gundi, akaniwekea mbele pamoja na pasipoti yangu.

Nikaitia ndani, nikapaka gundi, nikatia sahihi juu ya mfuniko wake.

Akaipokea bahasha kwa mikono miwili. Kisha akasogeza rula mpaka mstari wa kumi.