Bibi Therese wa Tafuna Kwanza

Mtu akicheka jina la kwetu namwambia akachekee mbele, nisije nikamchapa. Kwetu ni Tafuna Kwanza, kona ndogo ukitoka Chonyonyo. Migomba huku, mibuni kule, halafu majani ya ng'ombe mpaka macho yachoke.

Jina lilianza na Bibi Therese, wakati huo bado binti. Alikuja kutoka Burundi na mama yake na mdogo wake Niyomugabo, miguu imevimba. Mama akapiga magoti uani kwa Mnyambo mmoja, mwenyeji wa huku, Ainebyona, akafungua mdomo aombe. Ainebyona akamsogezea kikapu cha kahawa, zile punje tunazochemsha na majani tukakausha.

"Tafuna kwanza."

Maana huku mgeni hasemi shida yake kabla ya kahawa. Akisema, hakuna aliyesikia. Wakatafuna. Mama hajaanza tena kuomba, Ainebyona keshanyoosha kidole: "Pale kuna mgomba mmoja mzee. Anzeni na huo."

Therese akakulia pale, akilimia watu maharage na kahawa. Naye akaweka kikapu njiani. Mchunga ng'ombe, dereva wa lori, padri, wote tafuna kwanza. Jina likashika lenyewe.

Niyomugabo alipoota ndevu akafuata ng'ombe za watu kwenda Uganda. Simu hakuna. Alimwambia tu, "Dada, nikipotea nitauliza Tafuna Kwanza. Majina kama hilo hayako mawili." Sasa ni miaka thelathini na kitu.

Ndiyo maana bibi anapenda majina. Jioni nikimaliza kuuza chapati nakaa naye kwenye majani, ukungu unapanda kutoka bondeni, ng'ombe wanarudi kama wanaelea, hata miguu huioni. Namsomea kwenye simu.

"Leo kuna nini, Atwine?"

"Dar kuna Uwanja wa Fisi."

"Fisi wanacheza mpira?"

"Watu tu, bibi. Na Norwe kuna kijiji, jina lake kwa Kiingereza maana yake Jehanamu. Barafu inaanguka humo."

"Masikini. Wamekufa na baridi kumbe." Akafumba macho, nikajua ameshafika huko, anatembea kwenye barafu na kanga yake. "Endelea."

"Ufaransa kuna kijiji kinaitwa Y. Herufi moja."

Akafumbua macho. "Mtu wa huko akipotea ataulizaje?"

Basi, ikaja habari ya kibao. Kila kitongoji kiwekewe kibao barabarani. Mwenyekiti wetu Mujuni akaita mkutano Jumapili baada ya misa. Hata hatujakaa vizuri, akasimama.

"Tumechekwa vya kutosha! Kuanzia leo hapa ni Nuru Njema. Nani anapinga?"

Nikamwangalia Bibi Therese. Kikapu kiko mapajani, mkono umeganda juu ya kifuniko. Nikamwona kichwani Niyomugabo amesimama barabarani huko, mzee, anauliza, watu wanamwambia hapo hawapajui. Damu ikanipanda. Nikaruka.

"Mimi napinga! Nuru Njema gani wewe, hata taa ya sola imekushinda! Huyu bibi ana ndugu yake..."

"Kaa chini," akasema Kamugisha, mzee wa ng'ombe. "Hujatafuna. Hujasema kitu."

Watu wakacheka. Machozi yakanilenga kwa hasira. Ujinga wangu huo, nimezaliwa hapa na bado nimesema kabla ya kahawa, tena neno la bibi, limekufa mdomoni mwangu. Mujuni akatabasamu.

"Asante mzee. Kwa hiyo tumekubaliana, Nuru..."

"Na wewe umetafuna?" Kamugisha akamuuliza.

Mujuni akajipapasa mifuko kama kahawa ingekuwa humo.

"Basi hata mwenyekiti hajasema kitu," Kamugisha akasema. "Mkutano haujaanza. Therese, pitisha kikapu."

Bibi akainuka. Akapita taratibu, mtu kwa mtu, mbili mbili viganjani. Uwanjani unasikia meno tu. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado haujaondoka, nikahisi kama tuko ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Akafika kwa Mujuni mwisho.

"Shikamoo mama," Mujuni akasema chini chini.

"Marahaba. Tafuna kwanza, mwanangu."

Akatafuna. Alichukua muda. Akatutazama, akamtazama bibi, akatema ganda pembeni.

"Haya. Sasa ndiyo naanza. Kibao kiandikwe nini?"

Tukamjibu wote kwa pamoja.

Kibao kimesimama kwenye kona, rangi nyeupe. Bibi Therese hajui kusoma, lakini kila jioni ananivuta mkono twende.

"Jina linaonekana kutoka mbali?"

"Linaonekana, bibi."

"Mtu mwenye macho ya uzee?"

Juzi nilichukua rangi nikakoleza herufi, nene, kila moja kama kiganja changu. Bibi alikuwa amesimama kule juu kabisa, kwenye njia ya Uganda, amekunja macho, ananipungia mkono nizidishe.